Kumbukumbu tendaji na ubongo wa mbele: maswali na majibu

Kumbukumbu tendaji ni nini?
Ni uwezo wa kushika taarifa chache kichwani kwa sekunde kadhaa huku ukizifanyia kazi. Muuza zabibu wa Soko la Majengo, Dodoma, anauza kilo tatu kwa 3,000 kila kilo. Mteja katoa noti ya 10,000. Anashika bei, anazidisha, anatoa, anarudisha 1,000, na katikati ya hesabu mteja mwingine anamuuliza bei ya ndizi.

Ni sehemu gani ya ubongo inayohusika?
Hasa gamba la mbele, yaani tabaka la nje la ubongo lililo nyuma ya paji la uso. Eneo la juu ubavuni hupanga upya na kukokotoa. La chini yake hushikilia taarifa na kuzuia zisizotakiwa. Upande wa kushoto huelemea zaidi kwenye maneno. Sehemu ya ndani, katikati ya nusu mbili za ubongo, hushtuka pale majibu yanapogongana. Mipaka hiyo si ya kukata kwa kisu, na maeneo ya nyuma ya ubongo nayo hushiriki kutunza picha na sauti.

Mwaka 1971, watafiti Joaquín Fuster na Garrett Alexander walipima seli za gamba la mbele kwa kima. Baadhi ziliendelea kufanya kazi muda wote mnyama alipokuwa akisubiri, chakula kikiwa kimefichwa.

Tunaweza kushika vitu vingapi?
Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alitaja karibu saba. Tafiti za baadaye zinasema karibu vinne, usipovirudiarudia wala kuvifunga mafungu. Mafungu ndiyo siri: namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, lakini nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa hiyo hizo huna haja ya kuzikariri.

Nijipimeje nyumbani?
Mtu akusomee tarakimu, moja kila sekunde, bila kuzifunga mafungu. Anza na tatu, ongeza moja kila unapopatia. Watu wazima wengi hufika tano hadi saba. Kisha rudia, safari hii ukizitaja kinyumenyume; kwa kawaida hupungua moja au mbili. Anayezitaja vizuri kwenda mbele lakini akakwama kabisa kuzigeuza, shida yake huenda iko kwenye kupanga, si kushika. Hata hivyo kipimo hiki hakithibitishi ugonjwa: usingizi mchache, pombe au hofu huharibu matokeo. Gamba la mbele linahitaji dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, kwa kiasi. Ikipungua au ikizidi, kazi inalegea.

Niende hospitali lini?
Usahaulifu ukianza baada ya kuanguka na bodaboda, nenda hata kama hakuna jeraha. Ukija ghafla pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama, huenda ni kiharusi: nenda mara moja, na uandike saa dalili zilipoanza. Daktari ataiulizia, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapofaa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.