Kulainisha picha hakusafishi kipimo cha wimbi

Wengi wanaopima umbo la wimbi la mwanga kwa mbinu ya utofauti wa awamu huamini kwamba chengachenga (madoadoa ya nasibu kwenye picha) huharibu mwonekano wa picha tu, na kwamba ukizilainisha kabla ya kukokotoa, jibu litakuwa safi. Inaeleweka: picha iliyolainishwa kweli hupendeza macho.

Mbinu hii hutumia picha mbili za kitu kilekile, moja ndani ya fokasi na nyingine nje yake kwa kiasi kinachojulikana. Kompyuta hutafuta umbo la wimbi linaloeleza zote mbili. Ulainishaji hufuta chenga pamoja na maelezo madogo yanayobeba habari za kasoro ndogondogo, na programu isiyojua kilichofanyika huweza kuuhesabu ukungu huo kama kasoro ya wimbi.

Picha ya nje ya fokasi ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa mwanga wake umetawanyika kwenye pikseli nyingi. Pikseli yenye fotoni (chembe za mwanga) 10,000 huyumba kwa takriban 100, yaani 1%. Yenye fotoni 100 huyumba kwa 10, yaani 10%, kabla hata ya chenga za kamera yenyewe. Wimbi likiwa tulivu, jumlisha fremu, yaani picha zilizopigwa mfululizo: fremu 16 hupunguza chenga za nasibu mara 4 zikilinganishwa na mwanga wenyewe. Mwanga wa usuli, yaani ule usiotoka kwenye kitu kinachopigwa picha, haupungui hivyo. Lazima uutoe kwanza.

Ili kujihakikishia, kokotoa jozi 20 za picha, kila moja peke yake. Mtawanyiko wa majibu huonyesha athari ya chenga. Kisha tengeneza picha bandia zenye kasoro unayoijua, uzitie chenga. Programu ikikosea upande uleule kila mara, wastani wa majibu hautasaidia.