Tathmini ya athari siyo kuhesabu waliohudhuria

Tathmini ya athari ni kutafuta mradi au sera imebadilisha kitu gani ambacho bila yenyewe kisingebadilika. Basi, maana yake ndo hiyo. Kinachonikera ni jinsi neno hilo linavyotumika kwenye semina zetu za hapa Mwanza, mtu anawasha projekta, slaidi imeandikwa "athari za mradi", chini yake idadi ya waliofundishwa, idadi ya vikundi vilivyosajiliwa, picha ya kinamama wameshika vyeti, makofi, tunaenda chai. Hiyo ni hesabu ya kazi iliyofanyika, na lazima itolewe maana mwenye hela ana haki ya kujua zimeenda wapi, ila athari yenyewe hapo haijaguswa kabisa.

Wenye umakini kidogo wanasogea mbele, wanapima kabla na baada. Na hapa ndo pa hatari zaidi kwa sababu panafanana sana na utafiti. Chukua dagaa. Mradi unafika mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, unawafundisha kinamama kuanika juu ya chanja badala ya kumwaga chini mchangani. Dagaa wa chini anakauka na mchanga wake, wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku, wa chanja anatoka msafi anaenda kwa mlaji na bei inakuwa nyingine, hilo sina ubishi nalo. Sasa mtafiti anakuja anauliza bei ya ndoo kabla ya mradi, anarudi baadaye anakuta bei imepanda, anaandika mradi umeongeza kipato. Jamani. Aliyekaa mwaloni hata msimu mmoja anajua bei ya dagaa haitulii, usiku wa giza wavuvi wanawasha taa dagaa wanajaa bei inashuka, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika na bei inapanda, mvua ikishika siku tatu mfululizo dagaa wanaharibika wakiwa wameanikwa, halafu wanunuzi wa kutoka Congo wakiongezeka au wakipungua nayo ni habari nyingine. Ukiuliza mara ya kwanza wakati wa giza na mara ya pili wakati wa mbalamwezi, ongezeko utalipata hata kama mradi haukusimamisha chanja hata moja.

Kinachokosekana ni mwalo mwingine unaofanana na ule, ambao mradi haukufika, na bei yake imeulizwa siku zilezile. Hilo ndo kundi la kulinganisha. Mwalo uliopata mradi ukipanda na ambao haukupata nao ukapanda vilevile, basi kilichopandisha ni mwezi au soko, siyo semina.

Na inaniuma zaidi kwamba hili tunalikosea hapahapa Mwanza, mkoa ambao dunia nzima ilijifunzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijijini mkoani kwetu ulifanyika utafiti wa kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya kunapunguza maambukizi ya VVU. Walichukua maeneo 12, wakayapanga mawili mawili yanayofanana, halafu katika kila jozi ikaamuliwa kwa bahati nasibu lipi lianze kupata huduma iliyoboreshwa na lipi liwe la kulinganisha. Watu zaidi ya 12,000 walipimwa mwanzoni, wakafuatiliwa baada ya miaka miwili. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995: kwa wale ambao mwanzo hawakuwa na VVU, walioambukizwa ndani ya hiyo miaka miwili walikuwa asilimia 1.2 kwenye maeneo yenye huduma, na asilimia 1.9 kwenye maeneo ya kulinganisha. Ndo ile punguzo la kama asilimia 40 iliyosomwa kila mahali.

Sasa zisome hizo namba taratibu. Kwenye maeneo yenye huduma watu waliendelea kuambukizwa. Ungeenda pale na dodoso lako la kabla na baada ungekuta watu wenye virusi vipya, ungerudi mjini kuandika kwamba mradi umefeli, na ungekuwa umekosea kabisa, kwa sababu faida yote ilikuwa kwenye maambukizi ambayo hayakutokea, na kitu ambacho hakikutokea huwezi kukiona kwa kutazama upande mmoja. Lazima uwe na yale maeneo mengine yakuonyeshe hali ingekuwaje. Baadaye kule Rakai, Uganda, ziwa hilihili, walijaribu njia nyingine ya kuwatibu watu wote kwa mpigo, matokeo yakatoka 1999 na VVU havikupungua, na wenyewe wanaofuatilia wanajadili tofauti ya namna ya kutibu na hatua ambayo maambukizi ya VVU yalikuwa yamefikia kwenye kila jamii, mjadala ambao usingekuwepo kabisa kama pande zote mbili zisingelinganisha.

Kwenye elimu pia tunao mfano wa nyumbani, jaribio lililoitwa KiuFunza, shule za msingi 350 za Tanzania, mwaka 2013 na 2014. Shule zilizopewa ruzuku peke yake, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, hela ilifika na ikatumika, lakini alama za watoto hazikupishana na za shule ambazo hazikupata. Zilizopewa ruzuku pamoja na bonasi kwa walimu ndo zikapanda. Kwa slaidi zetu za semina, ile ruzuku peke yake ingeshangiliwa, maana vitabu vilinunuliwa kweli na picha zingekuwepo.

Najua jibu linalokuja kila nikiuliza, kwamba ni dhambi kuunyima mwalo mmoja mradi ili tu ulinganishwe. Naliheshimu hilo swali, linaulizwa na watu wenye huruma. Lakini mradi upi uliwahi kufika mialo yote siku moja? Hela hazitoshi, gari ni moja, mafunzo yanaenda kwa awamu, na nani aanze kwa kawaida inaamuliwa na barabara nzuri au diwani mwenye sauti. Badala ya hapo pigeni kura hadharani, mwenyekiti wa BMU (kile kikundi cha kusimamia uvuvi) wa kila mwalo achomoe karatasi, watakaosubiri awamu ya pili wapimwe pamoja na wa kwanza halafu zamu yao ikifika wapewe kilekile. Na kama mradi umeshaanza na kura haikupigwa, hakuna haja ya kufuta ripoti, badilisheni tu kichwa cha slaidi kiwe "mabadiliko yaliyoonekana", halafu mtaje na mwezi ulikuwa giza au mbalamwezi siku mliyouliza bei.