Fosfati kwenye vyakula vya pakiti: maswali na majibu

Lebo imeandika trisodiamu fosfati. Si ndiyo ileile ya kusugulia sakafu na kuosha kuta kabla ya kupaka rangi?

Ndiyo, ni kemikali ileile. Inayowekwa kwenye chakula husafishwa zaidi, na viwango vya risasi, aseniki na zebaki ndani yake huwekewa kikomo. Kinachoifanya ing'arishe sakafu ni ukali wa alkali yake: ukiyeyusha gramu 1 katika mililita 100 za maji, pH hufika karibu 12, na myeyusho huo unachubua ngozi na kuunguza macho. Kwenye chakula huwekwa kidogo sana, ukali wake hupungua humohumo, na ikifika tumboni asidi huimaliza. Kinachobaki ni sodiamu na fosfati, na fosfati hiyo haina tofauti na ile ya nyama au maharage.

Kwa hiyo hoja ya sakafu inapotosha watu. Inamtia hofu mwenye figo nzima, na inamsahaulisha mwenye figo mbovu swali linalomhusu: ni fosforasi kiasi gani (madini yaliyomo ndani ya fosfati) inayoingia kwenye damu?

Inawekwa ya nini basi?

Inategemea chakula. Kwenye nafaka za kifungua kinywa, trisodiamu fosfati hupunguza uchachu na kusaidia rangi na umbo wakati unga unapopitishwa kwenye mashine ya joto. Kwenye beking pauda, fosfati ndiyo asidi inayokutana na bikaboneti kutoa gesi ya kuumua keki. Kwenye jibini la kusindika, fosfati hunyang'anya protini ya maziwa kalsiamu yake, protini hiyo ikalegea na kushika mafuta, ndiyo maana jibini hilo huyeyuka laini bila kujitenga.

Kwenye nyama, kuku na kamba ndipo pesa ilipo. Fosfati ikichanganywa na chumvi hufungua nyuzi za msuli, zikanywa maji na kuyashikilia. Nyama inabaki laini, na mnunuzi analipia maji kwa bei ya nyama. Ukikuta kifua cha kuku kinatoa maji meupe yenye povu kikaangoni na kusinyaa sana, soma tena pakiti.

Kiasi gani ni salama kwa siku?

Mwaka 2019 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA) iliweka kikomo cha miligramu 40 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO ilikuwa imeweka miligramu 70 miaka mingi kabla. Vikomo vyote viwili vinahesabu fosforasi yote unayokula, ya asili na ya kuongezwa.

Mtu wa kilo 60 anaruhusiwa miligramu 2,400 kwa kikomo cha Ulaya. Mahitaji ya mtu mzima ni 550 kwa hesabu ya Ulaya na 700 kwa hesabu ya Marekani, kwa hiyo nafasi ni kubwa. Kwa mtoto nafasi hiyo ni finyu. Mtoto wa kilo 15 ana miligramu 600 tu, na nusu lita ya maziwa peke yake humpa karibu 460. EFSA wenyewe waliona kwamba watoto wadogo wanaweza kuvuka kikomo hata kwa ulaji wa kawaida. Hiyo si sababu ya kumnyima maziwa, kwa kuwa anahitaji kalsiamu na protini iliyomo. Cha kupunguza ni soseji, vipande vya kuku vya kiwandani na jibini la kupaka.

Na kikomo hicho cha 40, EFSA walisema wazi, hakiwahusu watu ambao figo zao zimepungukiwa nguvu kwa kiwango cha kati au kikubwa.

Fosforasi si fosforasi tu? Kwa nini ya kiongezi ihofiwe zaidi?

Kwa sababu ya kiasi kinachofyonzwa. Ya maharage, karanga na nafaka zisizokobolewa imefungwa ndani ya faiteti (kemikali ya asili ya mbegu), na utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kutosha kuifungua. Mara nyingi chini ya nusu yake ndiyo huingia mwilini. Ya nyama na maziwa huingia takriban asilimia 40 hadi 60. Ya kiongezi haijafungwa na chochote, na inaweza kuingia asilimia 90 au zaidi.

Tuchukue mfano wa soseji. Kanuni za Ulaya zinaruhusu fosfati gramu 5 kwa kilo ya bidhaa ya nyama, lakini kipimo hicho huandikwa kama P₂O₅ (fosforasi ikiwa imeungana na oksijeni), na fosforasi halisi ndani yake ni asilimia 44 hivi. Hiyo ni gramu 2.2 kwa kilo, au miligramu 220 kwenye gramu 100 za soseji, juu ya fosforasi ya nyama yenyewe.

Figo zikidhoofika kinatokea nini?

Figo ndizo zinazotoa fosforasi iliyozidi. Zinapoanza kuchoka, mwili huongeza homoni za kuzisukuma zitoe zaidi, hivyo kipimo cha damu kinaweza kubaki kwenye kiwango cha kawaida (0.8 hadi 1.5 mmol/L, yaani 2.5 hadi 4.5 mg/dL) kwa muda mrefu huku mifupa ikianza kulipa gharama. Baadaye fosforasi hupanda, kalsiamu hutoka kwenye mifupa, na kuta za mishipa ya damu hukakamaa. Mgonjwa anaweza kuwashwa ngozi mwili mzima, au asihisi chochote.

Mashine ya kusafisha damu haiwezi kufidia ulaji mbaya. Kikao cha saa 4 hutoa miligramu 800 hadi 1,000 hivi, na vikao 3 kwa wiki hutoa si zaidi ya 3,000. Anayekula miligramu 1,000 kwa siku na kufyonza asilimia 60 anaingiza 4,200 kwa wiki. Pengo hilo huzibwa na vidonge vya kunasa fosforasi, ambavyo humezwa pamoja na chakula. Ukivimeza tumbo likiwa tupu, havina cha kunasa.

Kukwepa viongezi peke yake kunasaidia. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa 279 wa kusafishwa damu waligawanywa makundi mawili. Waliofundishwa kusoma lebo, baada ya miezi 3, fosforasi yao ilishuka kwa 0.6 mg/dL zaidi ya wenzao.

Nitaitambuaje kwenye pakiti?

Usitafute kwenye jedwali la virutubisho, kwa kawaida haimo. Soma orodha ya viambato na utafute herufi "phos" popote ndani ya neno, au namba 338 hadi 343, 450 hadi 452, na 541. Kiasi hakiandikwi. Nafasi yake mwishoni mwa orodha pia haikuambii kitu, maana hata kiasi kinachomhusu mgonjwa wa figo ni chini ya asilimia 1 ya chakula.

Lesithini (322) na wanga uliorekebishwa zina fosforasi kidogo, usihangaike nazo. Jihadhari zaidi na bidhaa zilizoandikwa "sodiamu kidogo": nyingine zimebadilisha fosfati ya sodiamu kwa ya potasiamu, na potasiamu ikizidi kwa mgonjwa wa figo inaweza kusimamisha moyo.

Kuchemsha kunaitoa?

Kwa sehemu. Fosfati za kuongezwa huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kata nyama vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, yamwage, ndipo uunge. Supu yake isinywewe. Kukaanga na kuchoma hakusaidii, na jibini la kusindika halina dawa.

Na soda nyeusi?

Asidi ya fosforasi iliyomo ni ndogo; mililita 330 huwa na takriban miligramu 50 za fosforasi, ingawa karibu yote hufyonzwa. Kwa mwenye figo nzima, sukari na pH ya karibu 2.5 inayokula meno ni tatizo kubwa kuliko fosforasi.

Dawa za kusafisha utumbo zenye fosfati zinahusika?

Si chakula, lakini zinahusika kuliko soseji yoyote, kwa sababu dozi moja ina gramu kadhaa za fosforasi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kali kuhusu fosfati ya sodiamu ya kunywa kwa ajili ya kusafisha utumbo kabla ya kipimo cha kamera, kwa sababu fuwele za kalsiamu na fosfati ziliganda ndani ya figo za baadhi ya watu. Hatari huongezeka kwa wazee, waliopungukiwa maji mwilini, wenye ugonjwa wa figo, na wanaotumia baadhi ya dawa za presha au za maumivu kama ibuprofeni. Ukiandikiwa kipimo hicho, taja hali ya figo zako na dawa unazotumia, na uliza kama unaweza kupewa dawa ya aina ya polietilini glaikoli badala yake.