"Tulia, nitakuitia nesi akuchome" na uongo mwingine kuhusu maumivu ya watoto

Wazazi wenzangu wa Mbeya hii sentensi naisikia mpaka kwenye bajaji pale Mwanjelwa, mtoto kagoma kukaa, mama anamtishia nesi. Wiki ijayo mtoto huyo huyo analetwa kwetu na homa, akiona tu gauni jeupe anapiga yowe hata sijamgusa, halafu mama ananiangalia mimi kama nimemfanya kitu. Sasa leo ngoja niseme.

La kwanza, eti kichanga hasikii maumivu, kulia ni kawaida yake. Msicheke, hata madaktari waliliamini hili, mpaka miaka ya 1980 huko Ulaya na Marekani kuna vichanga walikuwa wanapasuliwa na dawa ya usingizi kiduchu tu, ndo mwaka 1987 watafiti Anand na Hickey wakaandika kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine kwamba kichanga anaumia na mwili wake unaonyesha kabisa. Kwahiyo siku ya chanjo mama usisubiri alie ndo umpe ziwa, anza kunyonyesha kabla sindano haijaingia na usimtoe. Shirika la Afya Duniani limelisema hili 2015, pamoja na kwamba mtoto ashikwe na mzazi wake, na aliyekua kidogo akae wima. Sio kulazwa chali. Nikiwa bado najifunza, hospitali moja naihifadhi jina, tulimkandamiza mtoto wa miaka minne watu watatu, mimi nilipewa miguu, na mpaka leo nikikumbuka vile alivyokuwa ananiangalia najisikia vibaya, maana angekaa tu mapajani kwa mama yake kafungwa kitenge tungemaliza mapema zaidi.

Lingine: "mwambie haiumi". Inauma bana! Ukimdanganya leo kesho hakuamini hata ukisema kweli. Mwambie itauma kama kafinywa, kidogo, itaisha. Na hii ya kurudia pole mwanangu pole usilie pole, tunaona ni upendo lakini mtoto anasoma sauti yako, anajua mama kaogopa basi hili jambo ni kubwa, wengi wanazidi kulia. Mpe kazi badala yake. Mi wa darasa la pili na la tatu huwa nawaambia nitajie vituo vya daladala, Kabwe, Mafiati, Mama John, Uyole, akikosea mpangilio nabisha naye makusudi, tukimaliza kubishana na sindano imeshatoka. Wadogo nawapulizisha povu la sabuni, huwezi kupuliza povu huku umebana pumzi.

Hapo ndo kuna watu wanasema huo ni usanii, maumivu yako palepale. Wewe ukigonga kiwiko mlangoni unafanyaje? Unasugua. Watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama geti, mguso na kusugua vinaweza kupunguza taarifa ya maumivu inayopanda kwenye ubongo, na ubongo wenyewe ukiwa na shughuli nyingine unaweza kulibana hilo geti kutoka juu. Maelezo yameboreshwa tangu hapo ila wazo limebaki.

Mtoto wa kiume halii? Analia. Na yule kijana wa kidato cha pili aliyekaa kimya muulize, kutoka 0 hadi 10 inauma ngapi, utashangaa anakwambia 8.

Halafu kuna hii ya "vuta pumzi ndefu" kwa kila mtu. Kwa mwenye wasiwasi sawa, vuta taratibu, toa taratibu zaidi ya ulivyovuta, inatuliza mapigo ya moyo. Lakini kuna wale wanaozimia wakiona sindano, mabinti wa shule kwenye chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi mnawajua, huyo pumzi haimsaidii, presha ndo inashuka. Akaze mapaja, tumbo na mkono usiochomwa sekunde 10 hadi 15 mpaka asikie uso una joto, alegeze kidogo bila kulegea kabisa, arudie. Na akae chini dakika 15 baada ya kuchomwa, sio kukimbilia foleni ya ubwabwa.

Barafu nayo sio ya kila maumivu. Kwa aliyeteguka kifundo cha mguu haina shida, ila mwenye selimundu (sickle cell) usimguse na barafu kabisa, baridi linaweza kumwamshia maumivu makali, na baridi letu la mwezi wa sita na wa saba mnalijua, sembuse Makete. Huyo ni soksi, blanketi, maji ya kunywa ya kutosha na joto. Hata binti mwenye tumbo la hedhi, chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo inamsaidia kweli, sio deko.

La mwisho ndo linaniumiza kichwa, watu wanadhani vitu hivi vinachukua nafasi ya dawa. Hapana, vinakwenda pamoja. Mwenye selimundu akizidiwa anahitaji dawa ya maumivu na hospitali, blanketi peke yake halitoshi. Na ukiona mtoto wako anashonwa kidonda halafu unaambiwa tu muonyeshe katuni kwenye simu, muonyeshe ndio, ila uliza ganzi iko wapi.