Yanayosemwa kuhusu CRB, na ukweli wake

"Niko CRB," mtu husema, akimaanisha jina lake limechafuka. Lakini aliyelipa mkopo wake wa benki kila mwezi bila kukosa naye yuko CRB. CRB (Credit Reference Bureau) ni kampuni inayotunza kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa mikopo. Kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, huhifadhi taarifa nzuri na mbaya. La muhimu ni kilichoandikwa kwenye ripoti yako, na wengi hawajawahi kuisoma.

"Nikichelewa wiki moja tu, nimeorodheshwa CRB kuwa mlipaji mbaya."
Mkopo huhesabiwa kuwa mbovu ukipita siku 90 bila kulipwa. Tena, kabla ya kupeleka taarifa mbaya, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30. Hapa ndipo watu huponzwa: notisi hutumwa kwa namba au anwani uliyoandikisha ulipokopa. Laini hiyo ukishaitupa, onyo halikufikii. Ukibadilisha namba, mjulishe kila anayekudai, hata kama deni ni dogo. Lisilofika shilingi 1,000 ndilo pekee lisilopelekwa kama taarifa mbaya.

"Nikilipa, jina linafutwa."
Halifutwi, na dhana hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi. Ukilipa, salio huwa sufuri na akaunti huonyeshwa kuwa imelipwa, lakini kumbukumbu kwamba ulishindwa kulipa hubaki miaka 5, ikihesabiwa tangu siku uliyomaliza deni. Kwa hiyo anayesubiri deni "lizeeke" anajichelewesha mwenyewe, maana hesabu hiyo haijaanza. Na anayekuomba pesa ili "akusafishie jina" ni tapeli. Taarifa ya kweli haiondolewi kwa malipo, na ya uongo unaweza kuipinga mwenyewe.

Watu pia huchanganya ripoti na cheti cha CRB, kile kinachoombwa na waajiri. Cheti huthibitisha tu kwamba huna mkopo mbovu usiolipwa. Soma ripoti kwanza, kwa sababu kama kuna mkopo mbovu uliobaki wazi, cheti hutapewa.

"Kuangalia ripoti yangu mara kwa mara kunashusha alama zangu za mkopo."
Hapana. Ni haki yako kupata ripoti ya bure mara moja kwa mwaka, na nyingine ukinyimwa mkopo kwa sababu ya taarifa za CRB, mradi uiombe ndani ya siku 30.

"Ripoti ikiwa na kosa, CRB ndiyo iliyokosea."
Mara nyingi kosa limetoka kwa mkopeshaji, kwani CRB huandika kile ilicholetewa. Ndiyo maana ripoti isomwe mstari kwa mstari. Anza na namba ya kitambulisho: tarakimu moja ikikosewa, mkopo wa mtu mwingine unaweza kuangukia kwako. Kisha kwa kila akaunti tazama jina la mkopeshaji, tarehe ya kufunguliwa, kiasi cha awali, salio, siku za kuchelewa na tarehe taarifa ilipowasilishwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo ya mwisho ikiwa ya kabla hujalipa, basi mkopeshaji hajapeleka taarifa mpya. Salio dogo lisilotarajiwa, mara nyingi, ni riba au faini iliyoongezeka kati ya siku uliyoulizia deni na siku uliyolipa. Ulidhani umemaliza, kumbe akaunti bado iko wazi.

Ukipata kosa, omba mkopeshaji barua ya kuthibitisha deni limeisha, yenye namba ya akaunti na tarehe ya malipo ya mwisho. Iambatanishe na nakala ya kitambulisho na risiti, upeleke pingamizi kwa maandishi kwa kampuni ya CRB na kwa mkopeshaji pia. Ukimwendea mmoja tu, utazungushwa: huyu atasema anasubiri yule. Hakikisha umepewa namba ya lalamiko.

Ukiambiwa kwa simu kwamba kosa limerekebishwa, usiishie hapo. Omba ripoti mpya kutoka kampuni zote tatu, kwa sababu kila moja ina kumbukumbu zake, na kosa lililoondolewa kwa moja laweza kuwa limebaki kwa nyingine.