Mwili hauizoei dawa: kinachobadilika ni kimelea

Mama mmoja wa Kyela, mkulima wa mpunga aliye rika la mama yangu mzazi, aliniambia maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi tangu nianze kazi ya kuchunguza vinasaba vya vimelea vya malaria. "Mwanangu, mseto hauniponyi tena. Nimeumeza mara tatu tangu mvua zianze. Mwili wangu umeshauzoea." Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la zahanati, kidole chake kikiwa bado kimebana kipande cha pamba, na pembeni yetu kadi ya karatasi ya chujio ilikuwa ikikauka ikiwa na madoa manne ya damu yake. Nilimwomba anivumilie, kwa kuwa jibu lake lilitakiwa kusomwa kwenye madoa yale.

Imani kwamba mwili wa mtu huizoea dawa imeenea, kuanzia Kyela hadi hapa Mbeya mjini, na ninaelewa inakotoka: mtu anameza dawa ileile, homa inarudi, na kitu pekee anachokiona kuwa kilikuwapo mara zote ni mwili wake. Hata hivyo, mwili hauna namna ya kujifunza kuushinda mseto, yaani vidonge vya malaria vyenye dawa mbili ndani yake. Kinachobadilika ni kimelea, tena hubadilika kwa urithi, kizazi baada ya kizazi, na ndiyo maana kimelea sugu kinaweza kumwingia mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha dawa inayohusika. Mtoto aliyeumwa na mbu jana usiku pale Ipinda anaweza kupata vimelea vilivyorithi kinga dhidi ya dawa iliyoondolewa hospitalini kabla yeye hajazaliwa.

Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kimelea kinachosababisha sehemu kubwa kabisa ya malaria nchini Tanzania, kina kromosomu 14 zenye herufi za vinasaba takribani milioni 23 na jeni zaidi ya 5,000. Ramani yake kamili ilichapishwa mwaka 2002. Kikiwa ndani ya damu huzaliana kila baada ya saa 48 hivi, na katika kunakili herufi hizo hutokea makosa machache. Mengi ya makosa hayo hayana faida yoyote, na mengine hukiua kimelea chenyewe. Lakini mgonjwa mmoja anaweza kubeba mabilioni ya vimelea, na dawa inapoingia huviua vile vya kawaida na kukiachia uwanja kile kimoja ambacho kosa lake limekikinga. Wakulima wa mpunga wanalijua jambo hili kwa macho yao. Mpunga mwitu unaofanana zaidi na mpunga halisi ndio unaopona wakati wa palizi, kwa sababu mkono wa mpaliliaji unauruka, na msimu unaofuata ndio unaojaa shambani. Palizi haikuufundisha kufanana na mpunga, iliuchagua tu.

Klorokwini ndiyo inayotufundisha vizuri zaidi. Kimelea hula hemoglobini ya damu yetu ndani ya kifuko chake cha kumeng'enyea chakula, na mabaki ya chakula hicho, yaitwayo hemu, ni sumu kwake, hivyo huyagandisha yakawa chembe ngumu zisizokidhuru. Klorokwini hujilundika ndani ya kifuko hicho na kuzuia ugandishaji huo, kimelea kikafa kwa sumu ya mlo wake chenyewe. Kimelea sugu kina mabadiliko katika jeni iitwayo pfcrt, iliyoko kwenye kromosomu ya 7, ambayo hutengeneza protini ya ukuta wa kifuko. Badiliko kuu liko kwenye nafasi ya 76, ambapo herufi AAA huwa ACA. Herufi moja tu imegeuka, na ukuta uliokuwa ukiibakiza dawa ndani sasa unaitoa nje. Badiliko hilo huambatana na mengine ya jirani, na mpangilio wake katika vimelea vya Afrika unalingana na ule wa kusini-mashariki mwa Asia. Ndivyo tulivyojua kwamba usugu huo uliingia kutoka huko, ukaonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970.

Maabara, herufi hiyo moja huonekana kwa macho. Tunatoboa kiduara cha milimita 3 kutoka kwenye doa kavu la damu, tunatoa vinasaba, tunakizidisha kipande cha jeni kwa mashine ya PCR, kisha tunakichanganya na kimeng'enya kinachokata pale tu penye herufi za asili. Tukivipitisha vipande hivyo kwenye jeli yenye umeme na kuimulika, kimelea cha asili huonyesha mistari ya vipande vilivyokatwa, kimelea sugu huonyesha mstari mmoja usiokatwa, na mgonjwa aliyebeba aina zote mbili huonyesha mistari yote kwa pamoja. Hadi leo ninapoiona picha hiyo hunijia heshima fulani, kwamba tofauti kati ya mtoto aliyepona na mtoto aliyezidiwa iliwahi kutegemea kitu kidogo kiasi hicho.

Lililonishangaza zaidi katika masomo yangu lilitokea jirani kabisa, ng'ambo ya mto Songwe. Malawi iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993 na kuweka SP (sulfadoksini na pirimethamini) mahali pake, ilhali sisi tuliendelea nayo hadi mwaka 2001. Mwaka 1992, alama ile ya usugu ilikuwa katika asilimia 85 ya vimelea vilivyopimwa Malawi. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 13. Kisha watafiti waliwatibu watoto wenye malaria mjini Blantyre kwa klorokwini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba ilishindwa kwa mtoto 1 tu kati ya 80. Herufi hazikujirekebisha. Vimelea vya asili vilivyokuwa vimebaki vichache, vya koo mbalimbali, ndivyo vilivyozaana upya na kuwafunika wenzao sugu, kwa kuwa usugu una gharama yake: protini iliyogeuzwa ili kutoa dawa haifanyi vizuri kazi yake ya kawaida, na dawa ikishaondoka kimelea chenye protini hiyo huachwa nyuma. Upande wetu hali ilifuata mkondo huohuo, ila kwa kuchelewa.

Katika utafiti huohuo wa Blantyre, SP ilishindwa kwa watoto 71 kati ya 87. Usugu wake umo katika jeni mbili, dhfr na dhps, na tofauti na ule wa klorokwini, haujatuachia. Hata hivyo SP inaendelea kutolewa kliniki kwa wajawazito kama kinga, na bado inawasaidia wao na watoto walio tumboni. Mjamzito anayesoma hapa asiiache kwa sababu ya maneno yangu.

Nirudi kwenye mseto, dawa ambayo Tanzania iliichagua mwaka 2006 badala ya SP. Ndani yake mna artemetha, inayoua kwa kasi kubwa lakini hutoweka mwilini ndani ya saa chache, na lumefantrini, inayoua polepole lakini hubaki kwa siku kadhaa. Artemetha na ndugu zake wanaotokana na artemisinini huweza kupunguza vimelea takribani mara 10,000 katika kila mzunguko wa saa 48. Siku tatu za dozi hugusa mizunguko miwili. Kwa hiyo mgonjwa aliyeanza na vimelea bilioni mia moja anaweza kubaki na elfu moja hivi, asijisikie mgonjwa hata kidogo, na hao elfu moja ndio kazi ya lumefantrini. Mama anapomwona mwanawe anakimbia uani jioni ya siku ya pili na kuvifunga vidonge vilivyobaki kwenye kipande cha gazeti kwa ajili ya homa nyingine, anabakiza vimelea vingi kuliko hao elfu moja mbele ya dawa hafifu, na hapo ndipo uchaguzi hufanyika. Vivyo hivyo kwa anayemeza mseto tumbo tupu: lumefantrini huhitaji mafuta ili iingie vizuri katika damu, na kikombe cha maziwa au chakula chenye karanga hubadilisha sana kiwango chake.

Lipo jambo zuri ambalo halizungumzwi vya kutosha. Lumefantrini hukichagua kimelea chenye pfcrt ya asili, yaani huvuta upande ulio kinyume na ule wa klorokwini. Baadhi ya wenzangu husema basi tuirudishe klorokwini. Mimi sikubaliani nao kama itarudishwa peke yake, kwa sababu vimelea sugu havijatoweka Afrika nzima, na vikipewa nafasi vitapanda tena kwa haraka; ninaona maana zaidi katika kuziunganisha dawa zinazovutana, kama lumefantrini na amodiakwini (ndugu wa klorokwini), pamoja na artemetha.

Wasiwasi wa sasa uko kwenye jeni iitwayo kelch13, iliyoko kwenye kromosomu ya 13. Artemisinini huwashwa na madini ya chuma yanayotokana na hemoglobini inayoliwa na kimelea. Kimelea chenye kelch13 iliyobadilika hupunguza kula katika saa zake za mwanzo, kikawa kama kimejikunyata, hadi dawa ile ya muda mfupi ipite. Usugu huu, ambao ni wa kiasi, ulitambuliwa kwanza magharibi mwa Kambodia, na jeni yenyewe ikatajwa mwaka 2014. Mwaka 2020 badiliko moja la jeni hiyo, liitwalo R561H, liliripotiwa Rwanda, na safari hii haukuwa mzigo kutoka Asia. Ulizaliwa hapahapa Afrika. Badiliko hilo sasa liko Kagera, hasa Karagwe. Mgonjwa mwenye kimelea cha aina hiyo kwa kawaida hupona iwapo lumefantrini bado ina nguvu, ila damu yake huchelewa kusafishika, na ndiyo maana tunataka kuiona slaidi ya damu yake, ile ya hadubini, ya siku ya tatu ya matibabu.

Mtu anaweza kuuliza nyanda za juu kusini zinahusika vipi, wakati Njombe na Iringa zina malaria kidogo kuliko mikoa mingi. Baridi ndiyo inayotulinda: kwenye nyuzi 25 kimelea humaliza ukuaji wake ndani ya mbu kwa siku kama 12, kwenye nyuzi 20 huhitaji karibu siku 28, na mbu wengi hufa kabla, wakati chini ya nyuzi 16 ukuaji husimama. Lakini uchache huo una upande wa pili. Kyela, mbu anaweza kunyonya aina kadhaa za vimelea kwa mara moja, navyo hujamiiana ndani yake na kuchanganya kromosomu, hivyo mkusanyiko wa mabadiliko yanayotegemeana huvunjika. Aidha watu wazima wa huko wana kinga inayoisaidia dawa kuviua hata vile sugu. Mtu wa Makete, kwenye baridi ya Njombe, anayerudi na homa kutoka Kyela au bonde la Usangu mara nyingi hana kinga hiyo, na akiwa na aina moja tu ya vimelea, hakuna cha kuvishindanisha navyo. Dawa hubaki peke yake.

Baada ya wiki kadhaa nilirudi Kyela na majibu ya yule mama. Kati ya zile mara tatu, ile ya katikati haikuwa malaria mpya: kipimo cha haraka kilionyesha mstari siku chache baada ya kumaliza dozi, kwa kuwa protini kinachoisaka huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na slaidi yake ilikuwa safi. Vimelea vya mara ya kwanza na ya tatu tulivilinganisha kwa jeni za msp1 na msp2, ambazo urefu wake hutofautiana kati ya ukoo mmoja wa vimelea na mwingine, na havikuwa ndugu hata kidogo. Pfcrt ilikuwa ya asili, na kelch13 pia. Mseto ulikuwa umemponya, na mbu mwingine akamletea wengine.

Nilimweleza hayo, naye akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba tangu mpunga uchanue amekuwa akilala shambani ili aamke alfajiri kuamia ndege, na neti ameiacha nyumbani kwa wajukuu. Tulikwenda kukiona kibanda. Alichukua kamba ya kufungia magunia, akapima kutoka mtambaa mmoja wa paa hadi mwingine, akafunga fundo mahali ilipoishia, na kuniuliza kama neti ya kitanda cha futi nne itaenea hapo.