Uamuzi wa mapema na msaada wa ada kwa mwanamichezo anayeomba chuo Marekani

Katika udahili wa vyuo vya Marekani, uamuzi wa mapema ni utaratibu unaomruhusu mwanafunzi kuomba chuo kimoja tu kwa njia hiyo, kwa kawaida kufikia tarehe 1 au 15 Novemba, kwa sharti kwamba akikubaliwa atajiunga nacho na kuondoa maombi yake mengine yote. Mkataba wake hutiwa saini na mwombaji, mzazi au mlezi, na mshauri wa shule, na majibu hutoka katikati ya Desemba.

Kwa mwanamichezo, shinikizo la kutumia njia hii hutoka kwa kocha. Vyuo vya Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani na kuvipanga katika madaraja matatu, haviruhusiwi kutoa ufadhili wa michezo, na vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe kama Harvard na Yale, ingawa vinashindana katika Daraja la Kwanza, navyo havitoi. Kocha wa huko hana fungu la kumlipia mchezaji ada. Alicho nacho ni majina machache anayoweza kuyapigia debe katika ofisi ya udahili, na kwa kuwa hapendi kuitumia nafasi hiyo kwa mtu anayeweza kwenda kwingine, humtaka mchezaji ajifunge mapema. Sisi tuliokulia kwenye habari za Suleiman Nyambui aliyekuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, au Henry Rono wa Washington State, tunaweza kudhani kwamba kocha akishakutaka, suala la ada limekwisha. Katika vyuo ninavyovizungumzia hapa, halijaanza hata kujadiliwa.

Je, kujifunga mapema hupunguza msaada wenyewe? Katika chuo kinachotoa msaada kwa kuangalia uwezo wa familia, hesabu ya Novemba na ya Machi hufuata kanuni ileile, na michezo haiingizwi humo. Jambo hilo lina faida yake: mchezaji akiumia goti au akiacha timu, msaada hauondoki. Kinachopotea ni nafasi ya kulinganisha. Tuchukue mfano wa chuo ambacho gharama yake kwa mwaka ni dola 85,000, nacho kikakadiria kwamba familia inaweza kuchangia 18,000, ilhali wazazi wenyewe, wakitoa karo ya wadogo zake na kodi ya nyumba, wanaona mwisho wao ni 9,000. Aliyeomba kwa njia ya kawaida huenda ikifika Aprili akawa na barua za vyuo vitatu, na anaweza kukionyesha chuo anachokipenda barua iliyo nono zaidi. Aliyejifunga ana barua moja mkononi, na ofisi inajua hivyo. Pale ambapo msaada hutolewa kwa hiari ya chuo, kama tuzo ya ufaulu, sababu ya kumwongezea mtu ambaye tayari ameahidi kuja ni ndogo zaidi.

Kwa mwombaji asiye raia wala mkazi wa kudumu, kuna uzito mwingine. Hastahili msaada wa serikali kuu ya Marekani, hivyo hutegemea mfuko wa chuo, na vyuo vingi hupima kiasi anachohitaji kabla ya kumkubali. Vichache, kama Amherst na Bowdoin, ambavyo vyote viko Daraja la Tatu, haviuangalii uwezo wa kifedha wakati wa kuamua udahili, hata kwa wageni.

Kwa hiyo swali la fedha huulizwa kabla ya saini. Kuanzia Julai, makocha wengi wa vyuo hivi hupeleka matokeo ya mchezaji kwa ofisi ya udahili ili ikadirie kama anaweza kukubaliwa, na ni haki ya familia kuomba ofisi ya misaada nayo ifanye makadirio yake, kwa maandishi, kutokana na nyaraka halisi za mapato. Kikokotoo cha gharama kilicho kwenye tovuti ya kila chuo husaidia, lakini kwa kawaida kimetengenezwa kwa ajili ya familia za Kimarekani. Mapato ya duka au shamba yanayopanda na kushuka hayakai vizuri ndani yake.

Mkataba wenyewe una mlango wa kutokea: msaada uliotolewa usipotosha kumwezesha mwanafunzi kusoma, anaweza kuomba afunguliwe bila adhabu. Kwanza huiandikia ofisi ya misaada ipitie upya hesabu, akiambatisha ushahidi wa mabadiliko ya kipato au wa gharama zilizoachwa nje. Ikishindikana, hufunguliwa, na hapo ndipo kalenda humbana, kwa sababu maombi ya kawaida ya vyuo vingi hufungwa mwanzoni mwa Januari, wiki mbili hivi baada ya jibu la Desemba, na makocha wa vyuo vingine huenda wameshajaza nafasi zao kwa wachezaji waliojifunga kwao.